Hakuna Aliyeuliza Kama Anauma

Asubuhi moja mwezi uliopita, jua ndiyo kwanza linachomoza, nilikuwa nikitembea kando ya njia ya Raskazone, hapa Tanga. Mbele yangu mzee mmoja anakuja taratibu juu ya baiskeli. Kanzu nyeupe, kofia imemkaa sawasawa, na nyuma kwenye keria mkate wa mofa umefungwa gazetini. Upande wa pwani kijana wa kazi, wa moja ya nyumba zile kubwa, anapanda na jibwa la aina ile wanayotumia polisi. Au niseme jibwa lilikuwa linampandisha yeye, maana kamba ilikuwa ndefu na kijana yuko nyuma anakokotwa. Mbwa kalowa chepechepe, katoka kuogeshwa baharini. Alipofika usawa wa mzee akajikung'uta, kama mbwa wanavyojikung'uta, kuanzia masikioni mpaka ncha ya mkia, maji na mchanga vikaruka.

Mzee alikwisha kuweka mguu chini. Kijana, kwa nia njema kabisa, akapaza sauti: "Haumi huyo, mzee! Usiogope!"

Mzee akatazama upindo wa kanzu yake. "Mwanangu," akasema, "nimekuuliza kama anauma?" Akageuza baiskeli, akarudi alikotoka.

Nililipeleka jambo hili kijiweni jioni, kwenye kahawa na kashata, na kama ilivyo ada ya vijiwe vya Tanga watu wakagawanyika kabla kikombe cha kwanza hakijaisha. Wa kwanza wakasema mbwa hana kazi njiani, akae ndani ya ukuta alikowekewa. Wa pili wakasema watu wa hapa wana woga wa kurithi, mnyama kapita tu, kajikung'uta, maji yatakauka, kuna nini? Nimekuwa nikiwaza tangu siku ile, na naona kila upande una hoja ambayo wenzao hawakuisikia.

Tuanze na hilo neno, "haumi". Wenye mbwa wote wanalo. Wanalisema wakicheka, kamba imelegea mkononi, mbwa anakunusa magoti. Yeye amekaa na mnyama wake miaka mitano na anamjua usingizi wake na njaa yake. Wewe umekutana naye sasa hivi, umri wenu wa kujuana ni nusu dakika. Kukuambia haumi ni kukutaka uweke mguu wako rehani kwa maneno ya mtu usiyemjua. Tena hata kama ni kweli, haumi, swali la anayepita mara nyingi si hilo. Mmoja amembeba mtoto. Mwingine ana pumu na manyoya yanamsumbua. Mwingine aling'atwa utotoni na moyo wake haujasahau. Na mzee wa Raskazone hakuogopa chochote. Alikuwa na kanzu ya swala.

Hapa lazima niseme wazi kidogo, kwa sababu wapo wageni mjini wanaodhani ni chuki. Wengi wetu pwani tumelelewa katika madhehebu ya Shafi, na humo mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito: panapoguswa paoshwe mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Mbwa mkavu akikupitia na nguo yako kavu, hakuna neno. Mbwa aliyelowa ni habari nyingine. Kwa hiyo maji yale "yatakayokauka" yalimrudisha mzee nyumbani kuvua, kufua na kuoga, na mkate wake sina hakika aliufanya nini. Kijana hakujua. Sidhani hata mwenye mbwa anajua. Lakini mtu anayeishi mji ambao adhana inasikika kutoka pande nne hawezi kusema kwa miaka yote hiyo hakupata nafasi ya kuuliza.

Sasa geuza upande wa pili wa kitambaa. Wapo wanaoichukua hukumu hiyo ya tohara na kuifanya kibali cha kurusha mawe. Nimeona watoto wa chuo cha Kurani, juzuu mkononi, wakimfukuza mbwa koko aliyelala kivulini pake, na mtu mzima akiwatazama tu. Hukumu ya kuosha nguo haikumfanya mnyama kuwa adui. Dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba, na hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim inamtaja mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe kwa hilo. Mtu anaweza kukunja kanzu yake akapita mbali, na bado akamwachia mbwa maji. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda mnyama dhidi ya mateso, na haiulizi mteswaji ana mwenyewe au hana.

Mwenye mbwa naye ana kesi yake, na nitampa nafasi kwa sababu kijiweni hakuwepo mtu wa kumsemea. Nyumba za Raskazone ziko mbalimbali, viwanja vipana, miti mingi, usiku kimya. Mwizi anapenda mahali pa namna hiyo. Mbwa ni mlinzi asiyelala zamu. Wengi wetu, tukisoma kibao cha MBWA MKALI getini, hatugongi mara mbili. Basi mnyama huyo mnayetaka "akae ndani ya ukuta" akifungwa mnyororo mchana na usiku, hatembei, haoni watu, hasikii kengele ya baiskeli wala bodaboda, siku akichomoka ndipo hasa atakapouma. Ukali mwingi mnaouogopa hutengenezwa na mnyororo. Kumtembeza ni sehemu ya kumfundisha adabu, kwa hiyo anayemtoa asubuhi anatufanyia hisani hata sisi tusiomtaka.

Hoja hiyo naikubali. Lakini inambana mwenyewe aliyeileta. Kama matembezi ni mafunzo, mwalimu ni nani? Raskazone asubuhi utawaona mbwa wengi na wenye mbwa wachache. Anayeshika kamba ni kijana wa bustani, ambaye mbwa ana kilo karibu sawa na zake, ambaye hakuchagua kazi hiyo, na pengine yeye mwenyewe alikuwa anamwogopa mnyama huyo mwezi wa kwanza. Hajafundishwa aseme nini akikutana na mtu. Kaambiwa "mpeleke baharini umrudishe". Likitokea la kutokea ndiye atakayetukanwa njiani na kukatwa mshahara nyumbani. Babu yangu alikata mkonge, na alikuwa akisema mbwa wa bwana shamba alijua kumtofautisha mgeni wa bwana na mfanyakazi wa bwana. Sisemi mambo ni yale yale. Nasema mbwa anayetembezwa na mtu asiye na amri juu yake hajatembezwa, ameachiwa na kamba shingoni.

Na msidhani lawama zote ziko kwenye mageti. Shuka Ngamiani, zile barabara zenye namba, au nenda Sahare, utakutana na mbwa wa aina ya pili: hana kamba, hana mkanda, analala chini ya meza ya muuza samaki na usiku analinda nyumba tatu kwa makombo. Asipouma ni wa Fulani, kila mtu anamjua jina. Akiuma tu, Fulani anakana: "Si wangu huyo, anakuja kula tu." Huyu mwenye mbwa asiyejitaja ndiye wa hatari kuliko yule wa Raskazone, kwa sababu moja inayozidi zote nilizokwisha kusema.

Nilikuwa na miaka tisa, Chumbageni, nimetumwa mafuta ya taa. Mbwa akatoka uchochoroni, hakubweka, akanishika kigimbi cha mguu. Mwenyewe akatoka na sentensi mbili ambazo nimezisikia tena mara nyingi maishani: "Huyu hajawahi kuuma mtu" na "Ulimfanya nini?" Nyumbani bibi alitaka kunimwagia yale yale mafuta ya taa. Shangazi akamnyang'anya chupa, akanipeleka bombani, akanisugua kwa sabuni ya mche mpaka nikalia zaidi ya nilivyolilia meno. Alifanya sawasawa kabisa bila kuwa mganga: kidonda cha mbwa kinaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, ambayo haiishii sindano moja. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila wagonjwa 100 karibu wote, 99, wameupata kwa mbwa. Virusi vinaweza kukaa mwilini wiki kadhaa, hata miezi, mtu anacheza mpira na kula vizuri, ndiyo maana wazazi wanadanganyika kwamba kidonda kimepona.

Nikachomwa sindano zangu, nikapona, wakubwa wakasuluhishana. Ila ninavyokumbuka mimi, hakuna aliyemtaka yule bwana aonyeshe kadi ya chanjo ya mbwa. Mtoto alikaguliwa mguu, akahojiwa alimfanya nini mbwa, akasemwa kwa kupita uchochoroni. Kadi hakuna aliyeiulizia.

Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kusambaa. Mbwa wa Raskazone, tuseme ukweli, mara nyingi kachanjwa, mwenyewe anamjua daktari wa mifugo kwa jina. Ni yule wa "anakuja kula tu" anayebaki. Kwa hiyo anayemlisha mbwa kila siku amekwisha kuwa mwenyewe, apende asipende, na bwana mifugo akipita na chanjo ampeleke kama anavyompa ukoko wa wali. Kumkana siku ya kung'ata ni uongo ambao mtaa mzima unaushuhudia na kuunyamazia.

La kinyesi nitalipitia haraka, si kwa kuwa ni dogo. Mchanga wa pwani unachezewa na watoto pekupeku. Mayai ya minyoo ya safura ya mbwa hutoka na kinyesi na kuanguliwa humo, na viluwiluwi vyake vinapenya ngozi ya unyayo, vikitambaa chini ya ngozi na kuacha mstari mwekundu unaowasha usiku kucha. Kisingizio nilichopewa na mama mmoja mwenye mbwa wawili ni kwamba tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 hana cha kuokotea. Nilicheka. Gazeti la jana lipo, boksi la kiatu lipo, koleo dogo la bustani lipo, na pipa liko getini kwake. Kufukia mchangani hakusaidii, bahari ikijaa inafukua.

Kuhusu adabu yenyewe ya njiani, sioni kama inahitaji kitabu. Ukiona mtu anakuja, kamba fupi, mbwa upande wako wa nje, wewe katikati yake na mpita njia. Njia ikiwa nyembamba simama wewe, apite yeye. Ukisalimiwa itika, usianze wewe kumwambia haumi. Mbwa akilowa, ajikung'ute huko huko ufukweni kabla ya kupanda barabarani, mwache dakika mbili, mwenyewe anataka. Na sisi wengine tusikimbie, tusipige kelele, tusimwangushie mbwa aliyefungwa kamba hasira tulizo nazo kwa mwenyewe, na watoto wafundishwe kwamba mbwa anayekula na mbwa mwenye watoto hawachezewi. Wapo wanaotaka halmashauri ya jiji ipige marufuku mbwa ufukweni kabisa. Mimi naona bahari yenyewe imeshatoa ratiba. Siku za bamvua, maji yakitoka, pwani inakuwa pana kiasi kwamba mbwa akikimbia huku, wachokoaji pweza kule wanamwona kama nukta. Maji yakijaa, kipande cha mchanga kinachobaki ni cha watoto na mpira wao, mbwa asubiri. Wavuvi wanapanga maisha yao kwa kupwa na kujaa tangu zamani, sioni kwa nini mtu mwenye geti ashindwe.

Kuna methali inasema ukizoeana na mbwa atakufuata msikitini. Kijiweni waliitumia kama rungu dhidi ya wenye mbwa. Mimi nikiisikiliza vizuri naona hailaumu mbwa hata kidogo. Yeye kafuata aliyemzoesha.

Juzi nimepita tena Raskazone, saa ile ile. Yule jibwa alikuwepo, safari hii kamba ameshika mwenyewe, bwana wa makamo, viatu vya michezo. Sijui kijana alimweleza au ni bahati tu. Alipomwona mzee wa baiskeli kwa mbali akavuka upande wa pili, akaizungusha kamba mkononi mara mbili, akamkalisha mbwa chini ya mwarobaini, akasema "Shikamoo." Mzee akaitika marahaba. Lakini alishuka kwenye baiskeli vilevile, akaikokota mpaka akawapita, kanzu ameikunja kwa mkono mmoja, ndipo akapanda.