Fomu ya Mkopo wa Chuo: Anayejitolea Asaidie Lini?

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, mhitimu wa kidato cha sita hapa Mwanza ana njia mbili: alipe steshenari wamjazie, au amtafute mwanachuo anayejitolea kuwaelekeza wadogo zake bure. Wengi husifu njia ya pili bila kuuliza zaidi. Sisi tunaiunga mkono, ila msaada mwingi huja ukiwa umechelewa.

Steshenari nao wana haki yao. Skana ni nzuri, na mhudumu anajua mfumo unakataa nini. Lakini kinachouzwa pale ni uchapaji. Jina la cheti cha kuzaliwa lisipolingana na la cheti cha kidato cha nne, kazi inaendelea tu. Wapo wanaoweka namba yao ya simu na baruapepe yao ili foleni isogee. Bodi ya Mikopo ikitaka kiambatisho kirekebishwe, taarifa inamfikia mtu asiyemkumbuka hata mwombaji.

Anayejitolea huweza kukosea vivyo hivyo, tena kwa nia njema. Anashika nenosiri la kijana, au anafuata mwongozo wa mwaka jana wakati Bodi hutoa mpya kila mwaka. Kibaya kuliko vyote ni huruma inayomshauri kijana aandike kwamba mzazi amefariki wakati yu hai. Cheti cha kifo huhakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kudanganya kwenye fomu ni kosa la kisheria.

Kazi kubwa ya anayejitolea iko Mei, mitihani inapomalizika, kabla wengine hawajaenda kambi za JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ambako kufuatilia cheti ni shida. Cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA? Mdhamini ana kitambulisho? Kaya ipo TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, na namba yake ni ipi? Aliyerudia kidato cha nne ana namba mbili za mtihani: ile atakayoombea chuo ndiyo aombee mkopo, la sivyo taarifa zake hazitakutana kwenye mifumo.

Fomu ikishachapishwa inahitaji saini ya mwombaji, mdhamini, kiongozi wa mtaa au kijiji, na hakimu au wakili, ndipo iskaniwe na kupakiwa. Kwa kijana wa Nyamagana, hapa jijini, muhuri uliosahaulika ni usumbufu wa asubuhi moja. Wa kisiwa cha Ukara aliyekwishafika Nansio, mji wa kisiwa jirani cha Ukerewe, atarudi Bugolora, avuke kwa kivuko, kisha aanze safari upya. Orodha ya saini aliyopewa nyumbani ingemwokolea nauli hiyo.

Pia kijana aambiwe wazi kuwa mkopo ni deni: akiajiriwa, atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tunaona wanaojitolea wakilikwepa hili wasimvunje moyo. Afadhali alijue sasa.

Siku ya kujaza, kijana mwenyewe akae kwenye kibodi, kwa simu yake na nenosiri lake. Na asipopangiwa mkopo, au akipangiwa kidogo, dirisha la rufaa huwa fupi. Hapo steshenari imeshamaliza kazi yake. Anayejitolea ndiye wa kumpigia simu na kukaa naye kuandaa vielelezo.