Helikopta ya mafunzo isielee kando ya ndege zilizolala

Ndege iliyolala haina wa kuisemea. Rubani wake yuko mjini, mwenye mali pengine yuko Kolwezi au Kinshasa, na mlinzi amewekwa pale kuangalia wezi wa mafuta, si kupima upepo. Helikopta inakuja, mwanafunzi anafanyishwa mazoezi mita chache kutoka pale, ndege inatikiswa mpaka kamba zinakazana, kisha helikopta inaondoka zake. Kesho yake rubani anaikuta ndege imesimama palepale alipoiacha. Anapanda, anawasha, anaruka.

Mimi ni fundi wa ndege ndogo hapa Lubumbashi, na jambo hili limenikaa kooni muda mrefu. Helikopta za mafunzo zisifanye mazoezi ya kuelea karibu na maegesho ya ndege, iwe Luano, uwanja wa ndege wa mji wetu, iwe kwenye viwanja vya udongo huko ndani. Na hasara ikitokea, mwenye helikopta ndiye awajibike. Ile tabia ya kumrudishia lawama mwenye ndege, eti hakufunga kamba vizuri, si haki.

Sina ugomvi na helikopta. Anayeijua barabara ya Mitwaba au ya Kilwa, huku kwetu Katanga, wakati wa mvua anajua kwa nini nchi hii inazihitaji, na marubani wake wote lazima wajifunzie mahali, kisha warudi kupimwa tena na tena hata wakishakuwa wakubwa. Kuelea, yaani kuisimamisha helikopta hewani karibu na ardhi bila kwenda popote, ni somo ambalo hakuna anayeweza kuliruka. Ninachobishania ni mahali pa kulifanyia.

Helikopta inabebwa kwa kuisukuma hewa iende chini. Ikiwa karibu na ardhi, hewa ile inagonga chini, inakosa pa kwenda, inatawanyika pande zote kwa kasi. Chukua helikopta ndogo ya Robinson R44, ambayo shule nyingi duniani zinaitumia. Ikijazwa ina uzito wa kilo 1,100 hivi, na panga zake zinachora duara lenye kipenyo cha mita 10. Ukipiga hesabu ya fizikia kwa hewa ya hapa Luano, upepo unaoshuka chini yake unafika kama kilomita 60 kwa saa. Mi-8, helikopta kubwa ya Kirusi ambayo Wakongo wengi tumeizoea kwa sababu ya Umoja wa Mataifa, ikijaa inafika tani 13, na upepo wake unapita kilomita 90 kwa saa.

Kuna wanaosema hewa yetu ya Katanga ni nyepesi, kwa hiyo haina kishindo. Kweli Luano iko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na siku ya joto hewa inakuwa nyepesi zaidi. Lakini uzito wa helikopta haubadiliki. Hewa nyepesi inalazimika kusukumwa kwa kasi zaidi ili iubebe uzito uleule, na nguvu inayompiga jirani haipungui. Tena mwezi wa tisa, udongo ukiwa mkavu, upepo ule unabeba vumbi jekundu na changarawe, unavipeleka kwenye vioo vya plastiki na ndani ya matundu ya kupimia mwendo wa ndege.

Mamlaka ya anga ya Marekani inawashauri marubani wa ndege ndogo wasiikaribie helikopta inayoelea chini ya umbali wa mara tatu ya kipenyo cha panga zake. Kwa R44 hiyo ni mita 30. Kwa Mi-8 ni zaidi ya mita 60. Nimewasikia watu wakiutaja ushauri huu kana kwamba unamaliza mjadala, lakini tazama unamwambia nani: unamwambia rubani aliyeketi ndani ya ndege yake, anayeweza kugeuza njia au kusubiri. Ndege iliyofungwa kamba haiwezi kusogea. Umbali ule hauna budi kulindwa na yule anayeweza kusogea, naye ni mwalimu aliye ndani ya helikopta.

Halafu kuna mwanafunzi mwenyewe. Katika saa zake za kwanza hawezi kuiweka helikopta mahali pamoja. Inateleza kushoto, anairudisha kupita kiasi, inateleza kulia, mkia unazunguka, anasahau kimo. Hilo si kosa lake, kila rubani wa helikopta alipitia hapo. Ila maana yake ni kwamba mita 30 mlizoanza nazo zinaweza kuwa 15 kabla mwalimu hajashika usukani. Kwa mafunzo mimi nataka mara mbili ya umbali ule, na hata hapo nahesabu helikopta ndogo tu.

Watu wanauliza, upepo wa dakika chache unaharibu nini kwenye kitu kilichoumbwa kuruka ndani ya upepo? Unaharibu kwa sababu vibao vya usukani, vile vinavyochezacheza kwenye mbawa na mkiani, vimeumbwa kupokea upepo wa mbele. Ukija wa nyuma unavishika kwa upande wa ncha yake ya mwisho na kuvibamiza huku na huku.

Nakumbuka Cessna moja ya viti vinne tuliyoikagua kabla ya safari. Kijana ninayemfundisha kazi alishika kibao kilichosimama mkiani, akakizungusha taratibu kushoto, kisha kulia. Akaniita: "Papa, kuko kintu inalia ku mukia." Nikapiga magoti na tochi. Kizuizi kinachokikomesha kibao upande wa kulia kilikuwa kimepinda, kwa hiyo kibao kilikuwa kinapita mwisho wake na kukwaruza. Kwenye bawaba ya chini rangi ilikuwa imebanduka, na chini ya rangi palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ambao ukimulika moja kwa moja huuoni. Lazima mwanga uje kwa ubavuni.

Rubani akafungua mlango kwa hasira kutuonyesha kwamba alikuwa ameweka pini ya kufungia usukani. Ni kweli, ilikuwa mahali pake. Lakini kwenye Cessna za aina hiyo pini inashika vibao vya mbawa na kile cha kupandisha na kushusha pua. Kibao cha kushoto na kulia haikifungi. Kwa upepo mkali inatakiwa kukibana kwa nje, na wengi hawana kifaa hicho. Mlinzi ndiye aliyetuambia kwamba jana yake helikopta ilikuwa ikifanya mazoezi nyuma ya mkia, "ikakawia sana." Tulipowauliza wenye helikopta, walijibu kwamba kiangazi kina pepo zake. Mwenye ndege alilipa kila kitu, na ndege ikakaa chini ikisubiri kipuri.

Ufa ule ungeruka na watu wanne.

Kwa Cessna Caravan, ndege ya injini moja ya kubebea abiria na mizigo, hatari ni nyingine. Injini yake ni ya aina ambayo pangaboi inazunguka yenyewe ikisukumwa na upepo hata kama injini imezimwa, na ikizunguka hivyo hakuna mgandamizo wa oili wa kuilainisha. Ndiyo maana tunaifunga kwa mkanda na kuziba midomo ya injini. Lakini rubani aliyeshuka mara moja kwenda kutia sahihi karatasi za mizigo hatafunga mkanda, na hatukuwahi kumtaka afanye hivyo chini ya anga jeupe.

Hapa ndipo naachana na wanaosema "ungeifunga vizuri." Mwenye ndege afunge, naam, aweke vigingi, abane vibao, nimelisema hilo mpaka vijana wananikimbia. Lakini kamba zile ni za dhoruba, na dhoruba tunaiona inavyojikusanya. Helikopta inakuja mchana kweupe, kutoka upande wowote, na nyuma yake kuna mtu aliyeamua kusimama pale. Penye mtu aliyeamua, pana mtu wa kuulizwa.

Wala tusidhani ni habari ya mabati tu. Mwezi wa Machi 2022, huko Plymouth, Uingereza, helikopta kubwa ya uokoaji aina ya Sikorsky S-92 ilikuwa inatua kwenye kiwanja cha hospitali ya Derriford. Upepo wake ulimwangusha mwanamke mzee aliyekuwa akipita kwenye maegesho ya magari ya jirani, naye akafariki. Ile ilikuwa kazi halali, ya kumleta mgonjwa. Kwenye viwanja vyetu vidogo abiria, wapagazi na watoto husimama karibu na ndege kwa sababu ndipo penye kivuli.

Dawa yake haina gharama kubwa. Luano ina barabara ya kurukia ya zaidi ya kilomita tatu, na pembeni yake pana nyasi tele mbali na maegesho. RVA, shirika la serikali linaloendesha viwanja vya ndege, ipime sehemu moja, iipake chokaa, na mnara uwaelekeze wa mafunzo huko. AAC, mamlaka ya anga ya nchi yetu, iandike umbali huo kwenye kibali cha kila anayefundisha. Kwenye viwanja visivyo na mnara, mwalimu ajue kwamba upande wa maegesho si wake, aende mwisho mwingine. Helikopta zisizo na magurudumu, zile za vyuma viwili kama mikono ya kitanda cha wagonjwa, ndizo zenye shida zaidi, maana haziwezi kutembea chini. Zikitaka kusogea lazima zinyanyuke. Lakini zina vigurudumu vya kufungwa kwa muda kwenye vyuma hivyo, na watu wawili watatu wanaweza kuisukuma R44 hadi mbali kabla haijawashwa. Najua ni jasho, hasa saa nane mchana. Nalipenda jasho hilo kuliko kubadilisha bawaba.

Na mwalimu aandike kwenye daftari la uwanja saa na mahali alipofanyia mazoezi. Mstari mmoja tu. Nikikuta mkia umepinda, nataka pawe na pa kusoma.

Hadi hayo yafanyike, nawaomba marubani wa Lubumbashi na wa viwanja vya ndani: mkisikia kwamba helikopta ilifanya mazoezi karibu na ndege yenu, msiwashe kwanza. Zungusheni kila kibao mpaka mwisho kwa mkono, mkisikiliza. Angalieni vizuizi, bawaba na nyaya, angalieni matundu ya vipimo kama yana vumbi. Mkisikia sauti msiyoizoea, iteni fundi, hata kama abiria wameshapanda.