Mwacheni mhasibu na Excel yake

Msimu wa kahawa ukifunguka huku Mbozi, meza yangu hujaa mafaili ya Excel. Vyama vya msingi vya ushirika 19, kila kimoja na faili lake, na kila faili lina grafu tatu: kilo zilizopokelewa kwa wiki, madaraja, na malipo. Picha 57 za kuingiza kwenye ripoti ya mwezi. Misimu miwili nilizichomoa kwa mkono: napiga picha ya skrini, nabandika kwenye Paint, nakata kingo, nahifadhi. Umeme ukikatika katikati, sikumbuki tena niliishia chama gani.

Kwenye kikao kimoja mzee wa bodi alivua miwani, akaitazama projekta kwa muda, akasema, "Kijana, hizi kilo si zetu." Hazikuwa zao kweli. Nilikuwa nimebandika grafu ya majirani zao chini ya jina lao. Mkulima anayengoja malipo ya pili haoni hapo kosa la kubandika. Anaona kuna mtu anakula.

Nilipowasimulia vijana wa kompyuta pale Mbeya mjini, wote waliimba wimbo mmoja: achana na Excel, chora kila kitu kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na matplotlib, zana yake ya kuchorea grafu. Sibishi, matplotlib inachora vizuri, na kama takwimu zingekuwa mpya kabisa ningeanza nayo. Ila mhasibu wetu ni mama aliyeanza na leja za karatasi, na zile grafu ni mali yake. Hubadilisha rangi, huongeza mstari wa lengo, huandika neno pembeni pale mvua ilipoharibu barabara. Nikizichora upya kwa skripti, yaani programu fupi ya kujiandikia, kila akitaka kugusa kitu itabidi anipigie simu. Nitakuwa nimemnyang'anya kazi kisha nikaita maendeleo.

Kwa hiyo skripti yangu haichori chochote. Inafungua Excel, inapita laha kwa laha (zile kurasa za ndani ya faili), na kila grafu inayoikuta inaitolea amri ya Chart.Export, ambayo imo ndani ya Excel yenyewe. Jina la faili la chama linaungana na jina la grafu, na hilo ndilo linakuwa jina la picha ya PNG. Kuchanganya majirani kumekwisha.

Wengi hudhani grafu ni picha iliyolala ndani ya faili. Chukua nakala ya .xlsx, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, ifungue. Nembo na picha utazikuta kwenye folda ya xl/media, lakini grafu ziko xl/charts kama maandishi ya XML, yaani maelekezo ya kuchora tu. Ndiyo maana openpyxl, zana ya Python ya kusoma mafaili ya Excel na hodari wa namba, haiwezi kukupa PNG ya grafu hizo. Lazima awepo wa kuyasoma yale maelekezo na kuchora. Kama huna Excel, LibreOffice, programu ya bure inayofanana nayo, hubadilisha faili zima kuwa PDF bila hata kufungua dirisha, ingawa fonti na nafasi huweza kusogea, na mama yule huona kasoro hizo kabla yangu.

Skripti nimeiweka nje ya mafaili, siyo makro, yaani programu iliyofichwa ndani ya faili la Excel lenyewe. Tangu 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, na mafaili yetu karibu yote huja kwa WhatsApp au barua pepe.

Haikukubali mara ya kwanza. Nusu ya picha zilitoka nyeupe tupu, nikapoteza jioni nzima. Kumbe grafu ambayo Excel haijaionyesha kwenye skrini huweza kutoka tupu. Sasa skripti inaifungua laha na kuiamsha grafu kwanza, ndipo inatoa. Na kwa kuwa picha hufuata ukubwa wa grafu ndani ya laha, grafu ndogo hutoka na ukungu kama wa Uyole mwezi wa saba. Inabidi ivutwe iwe kubwa kabla.

Kilichobaki ni majina. Excel huita kila grafu "Chart 1", "Chart 2", mpaka mtu aichague na kuandika jina kwenye kile kisanduku cha kushoto juu ya safu. Makarani 18 wameshazoea. Wa kumi na tisa bado ananitumia "Chart 1", na kila mwisho wa mwezi nampigia, ananiambia, "Samahani kaka, nilisahau," tunacheka, naiandika mwenyewe.