Spika za Kariakoo na Hela za Nazi

Kazi yangu ni kunakili kwa maandishi mahojiano yaliyorekodiwa, na mtu wa kazi hiyo hahitaji muziki wa kutikisa madirisha. Anahitaji kujua kama mzee aliyehojiwa alisema "nilimpa" au "nilimpiga". Kompyuta yangu ya mezani, ambayo ni ya mtumba, ilikuwa ikinipa maneno hayo yakiwa yamefunikwa na mchakarisho, na kila niliposogeza kipanya nilisikia mlio mwembamba ukikifuata skrini nzima. Umeme wa feni, wa diski na wa prosesa huiingilia saketi ya sauti inayokaa nayo ndani ya sanduku moja, hivyo dawa niliyoshauriwa ilikuwa kadi ya sauti ya nje, ile inayochomekwa kwenye tundu la USB na kuzigeuza namba kuwa sauti mbali kidogo na vurugu hizo. Kwa kuwa spika zangu za zamani nazo zilikuwa zimechoka, nilitenga shilingi 30,000 kwa vyote viwili, nikashuka Kariakoo.

Spika nilizoonyeshwa zilikuwa ndogo kiasi cha kufunikwa na kiganja, lakini boksi lake liliandikwa wati 1,200. Nilimuuliza muuzaji zinapata wapi umeme.

"USB, bosi. Unachomeka tu, zinaongea."

Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5, kwa hiyo nilimuuliza kwa heshima zote wati 1,197.5 zilizobaki zinatoka mkoa gani.

"Hizo ni za boksi, bosi," alinijibu bila kuona haya. "Spika yenyewe haina makuu."

Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya PMPO, kipimo ambacho hudai nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, tena katika mazingira ambayo hayapo katika nyumba ya mtu yeyote. Kipimo cha kuaminika ni RMS, nguvu ambayo spika inaweza kuihimili mfululizo, na boksi lile halikuitaja kabisa. Nilizichomeka palepale dukani, nikasikiliza sauti ya mtu akisoma habari, kisha nikasimamisha habari na kupandisha sauti hadi mwisho ili nisikie amplifaya inanguruma kiasi gani ikiwa haina la kusema. Ilinyamaza vizuri, nikaridhika.

Kadi ya sauti nayo ilijitangaza kuwa ni ya 7.1, maana yake sauti za spika saba na ya besi ya nane, ilhali ilikuwa na tundu moja tu la kutolea sauti, lenye upana wa milimita 3.5, ambalo hupitisha kushoto na kulia basi. Nilipouliza hizo sita nyingine zinatokea wapi, niliambiwa zinatokea humohumo, zinapishana. Niliinunua hivyohivyo, kwa sababu simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400 tu na bado tunaelewana, wakati hata kadi ya bei ya chini kabisa hupita hapo mbali sana.

Nyumbani mchakarisho uliisha, na "nilimpiga" ikasikika wazi kuwa ni "nilimpa", jambo lililomwokoa mzee yule na sifa mbaya. Raha hiyo ilidumu hadi bibi yangu alipokuja kutoka Pangani kutazamwa macho. Kwa kuwa soketi iliyokuwa wazi ilikuwa ya mezani kwangu, aliiweka simu yake ndogo ya kitochi ichajiwe juu ya spika ya kulia. Nilikuwa katikati ya mahojiano spika zilipotoa mlio wa "trrr-ti-ti, trrr-ti-ti", na kabla sijaugusa waya wowote, kitochi kikaita.

Baada ya jambo hilo kurudiwa mara kadhaa, bibi aliacha kusuka ukili, akazitazama spika.

"Mjukuu wangu, hiki kidubwasha kinajua."

Nilimweleza kwamba simu ya 2G, yaani ya mtandao wa zamani kama kitochi chake, inapowasiliana na mnara hurusha mawimbi kwa vipande, vipande kama 217 kwa sekunde, ambavyo hunaswa na waya wa spika usio na kinga na kugeuzwa mlio, na kwamba simu huujibu mnara kwanza ndipo ilie.

"Kwa hiyo mnara unaiambia spika kabla ya kuniambia mimi mwenye simu?"

"Kwa namna fulani, bibi."

"Basi si ndivyo nilivyosema?"

Habari zilifika kwa mama mwenye nyumba, aliyekuja na simu yake kubwa ya 4G na kuilaza juu ya spika. Simu za namna hiyo zikiwa kwenye mtandao wa 4G hazina kelele za 2G, kwa hiyo spika zilikaa kimya, na bibi akamwambia kwa upole kwamba hakuna anayemtafuta. Ilipoita muda mfupi baadaye, bibi alisema huyo basi si mtu wa maana. Kodi yangu ilikuwa karibu kuisha, nami sikufurahia.

Kisha jioni moja spika zilitoa mlio wao na kitochi hakikuita. Simu hujiandikisha kwenye mnara mara kwa mara hata kama haipigwi, lakini sikupewa nafasi ya kusema hayo. Bibi alikwisha amua kuwa kuna mtu ameshika simu akaghairi, na kwa kuwa mjomba ndiye aliyeuza nazi zake msimu uliopita, alimpigia yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unataka kupiga halafu unaghairi?"

Mjomba alinyamaza kwa muda usio wa kawaida.

"Mama, nani kakwambia?"

"Spika."

Alieleza, kwa sauti iliyopungua neno hadi neno, kwamba ni kweli alikuwa ameishika simu, kwamba hela za nazi alizitia kwenye injini ya bodaboda, na kwamba angetuma zote kabla ya kulala. Nilikuwa nimerudi kwenye mahojiano yangu spika zilipolia tena, na bibi, bila kuinua macho kwenye ukili wake, akasema, "Hiyo hela." Ujumbe uliingia. Nilimsomea kiasi kilichotumwa, kisha nikakinyanyua kitochi nikipeleke chumba cha pili ili nimalize kazi, lakini alinishika mkono.

"Kiache hapohapo. Hizo za nazi tu. Bado za mbata."