Tumbo na mawazo: ubishi tunaouamua haraka mno Dodoma

Mtu akisumbuliwa na tumbo kwa miezi kadhaa hapa Dodoma, kuna majibu mawili ambayo hatayakwepa. La kwanza ni "hivyo ni vidonda vya tumbo", na mara nyingi hutolewa na watu ambao hawajampima chochote: shemeji, jirani, mwenzake wa ofisini. La pili humfikia baadaye, vipimo vikishatoka safi: "Huna ugonjwa, ni mawazo tu. Punguza mawazo." Kila jibu lina watetezi wake, na ukikaa asubuhi moja kwenye benchi la zahanati utawasikia wote. Kwa maoni yangu kila upande una hoja nzito kuliko mwenzake anavyokubali, na kila upande unamuumiza mgonjwa kwa njia ileile: unafunga faili lake mapema.

Nianze na wanaosema ni mawazo, maana hao ndio hudhaniwa kuwa wanakwepa kazi. Hawabahatishi. Mwaka 1822 kijana wa biashara ya manyoya huko Marekani, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Jeraha lilipona, lakini likaacha tundu lililoingia hadi kwenye mfuko wa tumbo. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimchunguza kupitia tundu hilo kwa miaka, na mwaka 1833 aliandika kwamba hasira zilivuruga usagaji wa chakula. Leo njia yenyewe inajulikana. Ukuta wa utumbo una mtandao wake wa mishipa ya fahamu wenye seli zaidi ya milioni 100. Kati ya mtandao huo na ubongo kuna mshipa wa vagasi, na nyuzi zake nyingi hazishushi amri, bali hupandisha habari kutoka tumboni kwenda kichwani. Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali ileile ambayo ubongo huitumia katika mambo ya furaha na huzuni, hutengenezwa utumboni. Mtu akiingiwa na hofu, homoni zinazoanzia kwenye ubongo hulifanya tumbo lichelewe kushusha chakula, na wakati huohuo huuharakisha utumbo mpana. Ndiyo maana mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) asubuhi ya mtihani anaweza kuwa amejaa kifuani na huku anakimbilia chooni.

Hali hiyo ikikaa, inakuwa ugonjwa wenye jina. Madaktari huuita IBS (irritable bowel syndrome), yaani utumbo unaoshtuka kirahisi, na vigezo vyake vya mwaka 2016 viko wazi: maumivu ya tumbo walau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, dalili zikiwa zilianza si chini ya miezi sita nyuma, na maumivu yawe yanaendana na kwenda chooni au na mabadiliko ya choo. Mmoja anaharisha, mwingine anafunga choo, wa tatu anabadilika wiki hii hivi na wiki ijayo vile. Ukimwingizia kamera, utumbo unaonekana mzima kabisa. Maumivu ni ya kweli. Kilichoharibika ni jinsi neva zinavyohisi na kujibu, na hilo kamera hailioni.

Na mawazo Dodoma mtu hahitaji kuyatafuta. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, watumishi wengi wamekuwa na maisha ya nyumba mbili, kazi Mtumba kwenye mji wa Serikali na familia Dar es Salaam. Wenyeji nao wameona kodi za vyumba zikipanda. Ukitoka mjini ukaenda Bahi au Chamwino, mvua ni ya msimu mmoja tu. Ikikatika Februari mtama ukiwa haujazaa, mkulima anajua hesabu ya chakula ya mwaka mzima imeharibika. Mtu wa namna hiyo kukaa tumbo joto miezi saba si udhaifu wa roho.

Sasa upande wa pili, wanaosema tumbo halisingiziwi mawazo. Silaha yao kubwa ni historia ya vidonda vya tumbo vyenyewe. Kwa miongo mingi wataalamu waliamini vidonda huletwa na msongo na asidi. Wagonjwa waliambiwa wanywe maziwa, wapunguze kazi, watulie. Wengine walikatwa sehemu ya tumbo. Kisha mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren wakafanikiwa kumwotesha maabara bakteria aliyekuwa akiishi ndani ya matumbo ya wagonjwa hao, yule tunayemfahamu kama H. pylori. Wenzao hawakuamini. Mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe, na tumbo lake likapata uvimbe mkali. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Ugonjwa ambao watu walilaumiwa nao maisha yao yote, kumbe mara nyingi ulitibika kwa dawa za wiki moja au mbili. Yeyote anayetamka "ni mawazo" angepaswa kulikumbuka hilo kwanza.

Hatuhitaji kwenda Australia, hata hivyo. Mwaka huohuo wa 2016, katika vijiji vya Dodoma na Manyara, watu walianza kuugua: macho ya manjano, tumbo kuuma na kujaa, kutapika, miguu kuvimba. Baadhi walifariki. Uchunguzi ulikuta sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu, kwenye mahindi waliyokuwa wakila. Ongeza hapo amiba, giadia, minyoo na taifodi, magonjwa ambayo yapo kweli kwenye maji na mboga zetu. Ongeza saratani ya umio, ambayo Afrika Mashariki inaugua kuliko sehemu nyingi za dunia, na ambayo huanza na malalamiko madogo tu ya chakula kukwama. Daktari wa London akimwambia kijana mwenye tumbo la kusokota kwamba huenda ni msongo, ana uwezekano mkubwa wa kuwa sahihi. Maneno hayohayo yakisemwa Mpwapwa yanahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu mazingira hayafanani.

Mpaka hapo ungeweza kusema upande wa ugonjwa umeshinda. Lakini kuna jambo linalonifanya nisikubali, nalo ni kwamba ushahidi bora wa kila upande una mkono wa upande mwingine ndani yake.

Chukua vidonda. Bakteria H. pylori anaishi kwenye matumbo ya watu wazima wengi sana barani kwetu, pengine wewe unayesoma na mimi ninayeandika, na wengi wao hawapati kidonda maisha yao yote. Kwa nini huyu apate na yule asipate? Aina ya bakteria ina sehemu yake, sigara zina sehemu yake, dawa za maumivu kama diklofenaki zina sehemu kubwa sana. Na msongo umo. London ilipopigwa mabomu mfululizo mwaka 1940 na 1941, hospitali ziliona ongezeko la vidonda vilivyotoboka. Baada ya tetemeko la Kobe, Japani, Januari 1995, vidonda vinavyovuja damu viliongezeka kwa manusura, hasa wazee. Bakteria hawakuongezeka usiku ule. Kilichoongezeka ni hofu, baridi, kukosa usingizi na kupoteza ndugu.

Chukua IBS nayo, ambayo watu wa mawazo huiona kuwa mali yao. Mei 2000, mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada ulipata mvua kubwa iliyosomba samadi hadi kwenye kisima cha maji ya mji. Zaidi ya watu 2,000 waliugua tumbo na saba wakafariki. Watafiti waliwafuatilia manusura kwa miaka, na walioharisha wakati ule walionekana kupata IBS kwa wingi kuliko majirani zao ambao hawakuugua. Vijidudu vilishaondoka, utumbo ukabaki na wepesi wa kushtuka. Tena katika tafiti za namna hii, waliokuwa na wasiwasi au sonona ndio waliokuwa kwenye hatari zaidi ya kubaki na tatizo. Kijidudu kiliwasha moto na mawazo yakauchochea.

Kwangu hilo ndilo linaloigusa Dodoma moja kwa moja. Mahali ambapo mtu anaharisha mara kadhaa tangu utotoni, ndipo tungetarajia matumbo mengi yaliyobaki yakishtuka baada ya ugonjwa kupona. Mtu huyo akisema "niliugua amiba, tangu hapo tumbo halijawahi kuwa sawa", anasema kweli. Akipewa dawa ya amiba kwa mara ya nne hatapona, kwa sababu amiba hayupo tena. Akiambiwa amejitungia ugonjwa, anaonewa.

Hebu tusimame kidogo kwenye kaunta ya duka la dawa, pale ambapo sehemu kubwa ya matibabu ya tumbo hufanyika. Kijana anaingia. "Shikamoo mama. Naomba dawa ya tumbo." "Marahaba mwanangu. Linauma au unaharisha?" "Vyote, na gesi." Anawekewa metronidazoli, ambayo ni antibayotiki, kwenye kibahasha, na omeprazoli ya kupunguza asidi juu yake. Hakuna swali la damu kwenye choo, hakuna swali la uzito, hakuna anayemuuliza kama anakunywa diklofenaki kwa ajili ya mgongo. Simlaumu mama yule. Ameulizwa dawa, ametoa dawa, na nyuma ya kijana kuna foleni. Ila kesho kijana akipata nafuu ya siku tatu, ataamini ugonjwa ulikuwa ule, na mwezi ujao atarudi. Mambo ni yaleyale kwa kipimo cha Widal, ambacho huwapa watu wengi "taifodi" wasiyokuwa nayo, na kwa kipimo cha damu cha H. pylori, ambacho husoma kinga na kinaweza kubaki chanya hata baada ya bakteria kufa. Watu wanatibiwa mara ya pili na ya tatu kwa majibu ya aina hiyo. Antibayotiki hizo zina gharama, zinavuruga bakteria wema wa utumbo, na zinawafundisha wabaya usugu.

Upande wa mawazo nao una kaunta yake, nayo haina ukarimu zaidi. Mgonjwa akisikia "ni mawazo", katika mji huu kinachomjia kichwani ni Mirembe. Hospitali ya taifa ya afya ya akili iko hapahapa, na jina lake limegeuzwa kuwa neno la kutaniana mitaani, dhuluma kwa wagonjwa wanaotibiwa pale na kwa wanaowahudumia. Kwa hiyo mgonjwa anakunja karatasi yake na harudi. Wakati mwingine daktari anaandika amitriptilini, dawa ya sonona, kwa dozi ndogo, jambo la busara: utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2023, wenye wagonjwa 463, ulionyesha kwamba inawasaidia watu wenye IBS. Dozi ndogo hutuliza neva za utumbo. Lakini asipoelezwa hivyo, mgonjwa akifika nyumbani mwanawe aliye sekondari anamsomea karatasi ya ndani ya boksi, wanakuta habari za sonona, na dawa inaishia juu ya kabati.

Na hiyo "punguza mawazo" yenyewe, niseme wazi, si matibabu. Mkulima aliyekosa mavuno hawezi kuyapunguza kwa kuamriwa. Kinachosaidia kina sura ya vitendo: tiba ya mazungumzo pale ilipo, usingizi wa kutosha, kutembea, kula kwa saa zinazoeleweka, kujua kama maharage na vitunguu ndivyo vinavyomjaza gesi. Zaidi ya yote ni kuelezwa jinsi utumbo na ubongo vinavyozungumza, kwa sababu hofu ya kwamba labda ni saratani nayo ni mawazo, na yanaukoroga utumbo uleule.

Msimamo wangu basi ni kwamba kwa mazingira ya Dodoma ugonjwa utafutwe kwanza, lakini utafutwe kwa mpaka, na suala la msongo litajwe siku ileile ya kwanza. Likiachwa hadi vipimo vyote viishe, linasikika kama kushindwa kwa daktari. Damu kwenye choo, choo cheusi kinachonata, uzito kushuka bila sababu, homa, upungufu wa damu, chakula kukwama, maumivu yanayomwamsha mtu usiku, au dalili zilizoanza akiwa ameshavuka miaka 50: chochote kati ya hivyo kinamtoa mtu kwenye ubishi wa mawazo na kumpeleka hospitali yenye kamera, bila kuchelewa. Asiye na hata kimoja anaweza kupimwa choo na wingi wa damu, apimwe H. pylori kwa choo na si kwa damu pale inapowezekana, atibiwe kilichopatikana, na hapo vipimo visimame. Kipimo cha kumi kwa mtu wa namna hii mara nyingi humwongezea hofu na kumpunguzia mtaji.

Najua pingamizi la wahudumu, na ni la haki. Tabibu wa kituo cha afya Kondoa au Chemba anaweza kuwa na wagonjwa kadhaa kwa saa moja, na mazungumzo ya neva na homoni hayana nafasi hapo. Nakubali hotuba haina nafasi. Maswali matatu yana nafasi: lilianza lini na nini kilikuwa kinaendelea maishani wakati huo, linazidi lini na linatulia lini, dawa gani umeshakunywa, zikiwamo za maumivu na za mitishamba. Mtumishi ambaye tumbo humsokota Jumapili jioni kabla ya kupanda treni ya kurudi kazini, kisha hutulia akiwa likizo, atakuwa amekwishatoa nusu ya jibu kabla ya kufika maabara. Na yule ambaye lake halijali likizo wala Jumapili, linauma tu, na mkanda wa suruali unazidi kulegea, naye atakuwa ametoa lake.