Shule za kutwa Moshi: moyo wa shule uanze kabla ya saa nane na nusu

Kila mwaka ifikapo Julai, katika shule nyingi za sekondari za kutwa hapa Moshi, kidato cha nne huondolewa kwenye michezo, midahalo na klabu. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inakuwa imeshapita, mtihani wa utamilifu (mock) uko mlangoni, na Novemba Baraza la Mitihani linawasubiri. Kuanzia hapo maisha yao ni vipindi, masomo ya ziada na Jumamosi darasani. Baadhi ya shule huweka kambi: madawati yanasogezwa, magodoro yanatandikwa, na watoto wa kutwa wanalala shuleni hadi mtihani. Kidato cha pili nao wana mtihani wa taifa, kwa hiyo hubanwa vivyo hivyo. Ukitoa hao wote, wanaobaki kushangilia pembeni ya uwanja ni kidato cha kwanza na cha tatu.

Wazazi tumegawanyika juu ya jambo hili. Mimi nina mtoto kwenye mojawapo ya shule hizi, na kila tunapokaa kikao nasikia pande mbili zikivutana, zote zikiwa na hoja nzito.

Hoja ya wanaosema masomo kwanza haikutoka hewani. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa wamepata divisheni sifuri, yaani wamefeli. Serikali iliyafuta na yakapangwa upya, lakini hofu haikufutika. Mwaka huohuo wa 2013 ukaja mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zikawa zinapangwa kwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Mkuu wa shule ya kata aliyepitia kipindi kile alijifunza kwamba atapimwa kwa ufaulu, na hakuna atakayemuuliza kama shule yake ina kwaya. Ni kweli kwamba Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Hata hivyo, matokeo ya kila shule bado yapo wazi kwa yeyote, na vikao vya tathmini bado vinauliza nani amepanda na nani ameshuka.

Kuna hoja nyingine ya upande huu ambayo naiheshimu zaidi. Mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni hana fedha ya tuisheni. Mwenye uwezo atamtafutia mwanawe mwalimu wa Fizikia wa jioni, au atampeleka shule binafsi yenye maabara na maktaba. Mtoto wa huyu mama ana mwalimu mmoja tu, yule wa shuleni, na pengine darasani wako wengi kuliko viti. Akibaki saa mbili zaidi kila siku kwa masomo ya ziada, ndipo anapopata nafasi ya kuwakaribia wenzake. Ukimwambia huyu mama kwamba saa hizo ziende kwenye mpira wa pete, anayo haki ya kukuuliza unamtakia nini mwanawe.

Sasa upande wa pili. Serikali yetu iliwahi kujaribu njia ya kufuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo mashuleni yalisimamishwa, kwa hoja hiihii ya masomo, na yakarudishwa chini ya serikali ya awamu ya nne, ya Rais Kikwete. Hadi leo ukikaa na makocha wa riadha au wa soka, watakutajia kipindi hicho wanapoeleza vipaji vilipopotelea. Na tangu Januari 2024, mtaala mpya umekuja na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, ambamo michezo na sanaa zimo kama fani za kusomea. Shule zinazotoa fani hizo bado ni chache, lakini ni vigumu sasa kwa mtu yeyote kusimama kikaoni na kusema kwamba michezo ni kupoteza muda tu.

Mimi ninachokiona kikubwa zaidi kuliko vipaji ni mahudhurio. Mtoto wa kidato cha tatu ambaye hesabu zimemshinda, Kiingereza kinampiga chenga, na kila akirudishiwa karatasi ya mtihani anaikunja haraka aifiche, anahitaji kuwa na kitu pale shuleni ambacho watu wanamjulia. Huyu ni beki wetu. Huyu ndiye anayepiga ngoma. Huyu ndiye anayepanda miche na wenzake wa Malihai, klabu ya mazingira. Akikosa hilo, shule kwake ni mahali pa kuaibishwa kuanzia asubuhi, na utoro unaanza taratibu, Jumatatu moja, kisha Ijumaa mbili.

Tunapenda sana kutolea mfano shule kongwe za mkoa huu. Waliosoma Old Moshi, Umbwe, Machame au Ashira wakikutana ukubwani wanaulizana bweni kabla ya kuulizana kazi. Waliosoma Weruweru miaka ya 1970 na 1980, chini ya Mama Maria Kamm, bado wanasimulia kujitegemea kwa shule ile kama watu wanaosimulia kwao. Ni urithi wa kujivunia. Lakini shule hizo ni za bweni. Wanafunzi waliamka pamoja, wakakimbia mchakamchaka pamoja, wakala maharage ya sufuria moja, na Jumamosi usiku wakacheza muziki kwenye bwalo. Moyo wa shule ulitengenezwa na saa zile ambazo si za masomo, na saa hizo zilikuwapo tele kwa sababu hakuna aliyekwenda nyumbani.

Shule za kata zimezaliwa tofauti kabisa. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ulizitoa sekondari nchini kutoka chini ya 1,300 hadi zaidi ya 4,000 mwaka 2009, na nyingi kati ya hizo mpya ni za kutwa. Ziliwafungulia mlango watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba. Kisha tukazipa ratiba ya kuiga bweni: masomo hadi saa nane na nusu, halafu usafi, halafu ndiyo michezo na klabu. Hapo ndipo naona tunakosea, na pande zote mbili za ugomvi wetu zinakosea pamoja, kwa kuwa zote zinagombania saa za baada ya masomo kana kwamba kila mtoto anazo.

Ijumaa moja nilikwenda kutazama mechi ya kirafiki ya mpira wa pete kati ya shule mbili za hapa mjini. Wanafunzi walikuwa wamepindua ndoo ya plastiki wakaifanya ngoma, na kila goli lilipoingia waliimba jina la shule hadi waliokuwa wakipita barabarani wakasimama. Mfungaji wao alikuwa binti mwembamba aliyevaa kizibao chenye herufi GA, yaani mshambuliaji. Robo ya tatu ilipoisha alikivua, akampa mwenzake, akachukua begi lake kwenye nyasi na kuondoka mbio. Mwalimu hakumzuia wala hakuuliza. Wenzake waliniambia ana mdogo wake wa kumchukua chekechea, na anakaa mbali, upande wa Pasua. Akichelewa atakuta makonda wanagombania abiria wakubwa, na mwanafunzi mwenye nauli yake ya shilingi 200 anaachwa kituoni hadi giza liingie.

Binti huyo anaipenda shule yake kuliko wengi waliobaki pale. Anayekaa jirani na uwanja, asiye na mdogo wa kulea wala maji ya kuteka, ndiye anayeweza kuwa mwanaklabu wa kudumu. Wavulana wanabaki kuliko wasichana. Masomo ya ziada ya jioni nayo yana tatizo lilelile, kwa hiyo mtoto wa yule mama wa Mbuyuni, tuliyesema anasaidiwa, huenda ndiye wa kwanza kukosa.

Kambi za kulala darasani sizipendi, ingawa zinatatua suala la usafiri. Zinahitaji mlezi wa usiku, maji, vyoo na chakula, na shule nyingi zinavikosa hivyo hata mchana. Mahafali ya Septemba na Oktoba nayo, yenye keki na mataji ya maua, tunayahesabu kama maisha ya shule wakati ni siku moja tu, tena siku ambayo asiye na mchango anaona aibu kuja.

Ninachokitaka ni vipindi viwili vya dakika 40 kila wiki, vimewekwa katikati ya ratiba, kabla ya saa nane na nusu, kwa vidato vyote vinne hadi mwisho wa Septemba. Shule nyingi tayari zina kipindi cha michezo kwenye karatasi. Kinaazimwa na somo lililochelewa kumaliza mada na hakirudi. Kilindwe kama kipindi cha Baiolojia kinavyolindwa. Mashindano ya madarasa, midahalo, mazoezi ya kwaya na uchaguzi wa kaka mkuu na dada mkuu vifanyike humo, wakati kila mtoto yupo, pamoja na yule binti wa GA.

Mwalimu wa Hisabati atapinga, na nitamwelewa. Somo lake ndilo watahiniwa wengi hufeli mwaka baada ya mwaka, na kila dakika anayopokonywa inamuuma. Ningemwomba apewe Jumamosi mbili za asubuhi kwa mwezi, mchana kweupe, shule ikiwa imewapa watoto uji. Itagharimu mahindi na sukari, na sisi wazazi ndio tutakaovitoa kwa hiari.

Ratiba hupangwa mwezi wa kwanza. Kikao cha Januari kitakapoitwa, nitalisema hili kabla mwalimu wa taaluma hajaibandika ukutani, na ninawaomba wazazi wa kidato cha nne wasikose kuja.