Usichague shahada ya mazingira kwa jina lake

Katika chuo kimoja, "Sayansi ya Mazingira" ni miaka mitatu ya kupima maji, udongo na hewa. Katika chuo kingine, kwa jina lilelile, ni miaka mitatu ya sera, sheria na uandishi wa ripoti. Zote ni kazi za heshima, lakini wahitimu wake hawawezi kubadilishana viti. Mmoja ukimpa chupa ya maji ya ziwa atakuambia ina fosforasi kiasi gani. Mwingine ukimpa kibali cha kiwanda atakuonyesha kifungu kilichokiukwa. Mwombaji aliyedhani anachukua la kwanza kumbe amechukua la pili kwa kawaida hugundua mwaka wa pili, wakati kuhama kumeshakuwa kugumu.

Kwa hiyo tafuta jedwali la masomo, muhula kwa muhula. Vyuo vingi huliweka kwenye mwongozo wa idara. Kama halipo, liombe kwa barua pepe. Lisome ukiwa na kalamu za rangi mbili, moja kwa masomo ya lazima, nyingine kwa ya hiari. Matangazo hupenda kuyatanguliza masomo ya hiari, maana ndiyo yenye majina ya kuvutia: nyangumi, misitu ya mvua, mabadiliko ya tabianchi. Lakini somo la hiari huweza kufutwa mwaka ambao waliojiandikisha ni wachache, au mhadhiri wake yuko likizo ya utafiti. Ya lazima ndiyo utakayosoma kwa hakika, na hayo ndiyo shahada yenyewe.

Kisha angalia uzito. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka wa masomo una krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi yote: mihadhara, maabara, kujisomea na mitihani. Shahada ya miaka mitatu basi ni krediti 180. Ukikuta somo la takwimu limepewa krediti 5 kati ya hizo, ujue ni saa 125 hadi 150 kwa miaka yote mitatu, na kama zote ziko mwaka wa kwanza, zitakuwa zimeshasahaulika ukifika kwenye utafiti wako. Mifumo mingine huhesabu vingine, ila swali halibadiliki: somo hili ni sehemu gani ya jumla?

Kwa maoni yangu, shahada nzuri katika eneo hili huonekana kwa mambo manne. Kemia iwe angalau mihula miwili, mmoja ukiwa wa uchambuzi wa maabara. Takwimu ziwe angalau masomo mawili, la pili likimlazimu mwanafunzi achambue data halisi kwa mkono wake. Kazi ya uwandani iwe ya siku kadhaa mfululizo, siyo ziara ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Na mradi wa utafiti wa mwanafunzi mmoja mmoja usipungue robo ya mwaka wa mwisho. Kwenye mawili ya kwanza sioni nafasi ya kulegeza.

Nianze na kemia, kwa sababu ndiyo inayokimbiwa. Wengi huja kwenye sayansi za uhai wakiamini wameiacha nyuma pamoja na fizikia, na ndipo wanapokwama. Chukua ubishi mkubwa wa miaka ya 1960: maziwa yanayojaa mwani hadi samaki wakakosa oksijeni yanaharibiwa na nini hasa, kaboni, naitrojeni au fosforasi? Mwaka 1973 David Schindler na wenzake walichukua ziwa dogo kaskazini-magharibi mwa Ontario, Kanada, linalojulikana kwa namba tu, Ziwa 226, wakalikata katikati kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia hizo hizo, wakaongeza fosforasi. Upande wenye fosforasi ukageuka kijani kwa mwani, na tofauti ile ikaonekana wazi hata kwenye picha iliyopigwa kutoka angani. Waliouliza walikuwa wanaikolojia, na jibu lilipatikana kwa kujua kirutubisho kipi kimeingia upande upi na kwa kiasi gani.

Hata vipimo vya kila siku vina mitego ya namna hiyo. Maji yasiyo na chumvi, katika usawa wa bahari, hubeba takriban miligramu 14.6 za oksijeni kwa lita yakiwa nyuzi 0, miligramu 9.1 yakiwa nyuzi 20, na 7.6 yakiwa nyuzi 30. Mtu akikuletea namba 7 bila joto la maji, huwezi kujua kama mto unaumwa au una joto tu. Kipimo cha oksijeni inayotumiwa na bakteria kuozesha uchafu nacho hutaka chupa ikae siku 5 katika nyuzi 20, gizani. Giza lina sababu yake: mwani uliomo kwenye sampuli ukipata mwanga hutengeneza oksijeni. Aliyekariri hatua bila sababu ataacha chupa dirishani, na majitaka yatasomeka masafi kuliko yalivyo. Makosa ya vizio ndiyo mabaya zaidi, kwani anayechanganya miligramu na maikrogramu amekosea mara 1,000, na karatasi yake haitaonyesha dalili yoyote ya kosa.

Takwimu ni hadithi hiyo hiyo, ila hapa makosa hujificha zaidi. Tuseme unataka kujua kama mbolea hupunguza idadi ya vyura. Unachukua madimbwi mawili, moja lina mbolea na jingine halina, na kila moja unachota sampuli 20. Inaonekana una vipimo 40. Kwa hakika una dimbwi moja lenye mbolea na dimbwi moja lisilo nayo. Sampuli 20 za dimbwi moja zinakueleza habari za dimbwi hilo tu. Tofauti utakayoiona huenda ikatokana na kivuli, kina, samaki au chochote kingine kinachotofautisha madimbwi hayo mawili. Mwaka 1984 mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliandika makala iliyolipa kosa hili jina la kiufundi, marudio bandia, na akaonyesha lilivyoenea hata katika tafiti zilizokwisha chapishwa. Kosa hili halirekebishiki baada ya kazi ya uwandani, maana hakuna kanuni ya hesabu inayoweza kuzaa madimbwi ambayo hukuyatembelea. Ndiyo maana somo la takwimu likiwekwa baada ya mwanafunzi kukusanya data, au sambamba nayo, mpangilio wa shahada hiyo una kasoro.

Mfano mwingine, wa kuhesabu wanyama. Umekamata panya 50, ukawatia alama, ukawaachia. Siku chache baadaye umekamata 40, kumi wakiwa na alama. Makadirio ni 50 mara 40, gawa kwa 10: panya 200. Sasa fikiria rangi ya alama ilikuwa hafifu na nusu ya wale kumi imewatoka. Utaona watano tu, na makadirio yataruka hadi 400. Hakuna panya aliyezaliwa. Ni wino tu umefutika. Kozi ya uhifadhi isiyomfundisha mwanafunzi kufikiri hivi inamwandaa kuipa hifadhi habari njema ambazo hazipo.

Sasa majina, maana lazima mwisho uchague moja. Namna bora ya kuyatofautisha ni kuuliza mikono yako itakuwa inashika nini saa nne asubuhi. Biokemia, baiolojia ya molekuli na bayoteknolojia ni kazi ya meza ya maabara: kiasi kidogo sana cha vimiminika, maikrolita moja moja, na kurudia. Kipimo cha PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, hupasha sampuli hadi nyuzi 95 hivi, huishusha, huipandisha tena hadi 72, karibu mara 30 au zaidi. Sampuli ya kudhibiti isiyotiwa DNA ikionyesha matokeo, kuna uchafu umeingia mahali, na kazi ya siku nzima inaanza upya. Anayekereka na marudio atateseka huko hata akiwa na akili nyingi. Mikrobaiolojia iko jirani, ikiwa na mguu mmoja kwenye chakula, dawa na maji.

Ikolojia ni kutambua spishi, kutembea sana, kisha kukaa mbele ya kompyuta muda mrefu kuliko ule uliotembea. Baiolojia ya bahari ni hivyo hivyo: sehemu kubwa ni viumbe vidogo ndani ya chupa, darubini na majedwali ya data, huku kuzamia kukichukua siku chache za mwaka. Uhifadhi wa wanyamapori ni kuhesabu wanyama na kuzungumza na watu wanaoishi nao, na asiyependa watu atachoka mapema. Sayansi ya udongo haina mvuto wa jina, na hili linanisikitisha, kwa sababu inaunganisha kemia, uhai na kilimo kuliko karibu kila shahada nyingine katika kundi hili. Usimamizi wa mazingira ni tathmini za athari, vibali, mikutano ya wadau na maandishi mengi. Ukiichagua, hakikisha ina angalau muhula mmoja wa sayansi ya maji au udongo, la sivyo utakuwa unasaini vipimo usivyoweza kuvihoji.

Je, uchague shahada pana au finyu? Kwa shahada ya kwanza napendelea pana yenye mlango wa kubobea kuanzia mwaka wa pili. Anayeingia akiwa na uhakika wa papa huweza kutoka akiwa na uhakika wa bakteria, na baiolojia pana inamwachia nafasi hiyo. Kubobea zaidi kuna ngazi yake kwenye uzamili. Hata hivyo, kanuni hii ina upande wake wa pili: kazi zinazodhibitiwa na bodi za kitaaluma. Mahali pengi afya ya mazingira na uhandisi wa mazingira huwa katika kundi hilo. Huko shahada isiyotambuliwa na bodi husika haikupi leseni, hata ukiwa na alama za juu kabisa. Pata orodha ya programu zinazotambuliwa kutoka kwa bodi yenyewe, siyo kutoka chuoni, na angalia tarehe utambuzi huo unapokwisha, maana unaweza kuisha ukiwa katikati ya masomo.

Kuhusu maabara, usiridhike na picha za mashine. Uliza wanafunzi wangapi hushirikiana darubini moja na meza moja. Watu wawili kwa darubini wanajifunza. Wakiwa sita, mmoja anatazama na watano wananakili mchoro wake. Waulize wanafunzi wa mwaka wa pili: juzi mlifanya jaribio wenyewe au mlimtazama fundi akilifanya? Uliza pia kama gharama za safari za uwandani zimo ndani ya ada, na kama mwenye ulemavu au pumu ana njia mbadala ya kutimiza sharti hilo.

Kabla ya kulipa chochote, kuna jaribio unaloweza kujifanyia. Tengeneza fremu ya mraba, mita moja kila upande, kwa kamba na vijiti vinne. Tafuta eneo lenye majani, pima mita 20 kwa 20, na upate nukta 10 kwa namba za nasibu, namba moja ya upande mmoja na nyingine ya upande wa pili. Usirushe fremu kwa mkono ukidhani ndiyo nasibu, kwa sababu mkono hufuata jicho, na jicho hufuata maua. Kila nukta, hesabu aina za mimea hata kama hujui majina, zipe herufi. Itachukua asubuhi nzima. Kisha ingiza namba kwenye programu ya takwimu iitwayo R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, na ambayo haina malipo. Chora grafu, na uongeze picha ya setilaiti ya Landsat ya eneo hilo na jirani yake, maana picha hizo zimekuwa bure tangu 2008, kupitia QGIS, programu ya ramani ambayo nayo ni bure.

Angalia ulichopenda. Ukifurahia kutofautisha herufi A na B kwa umbo la jani, ikolojia au botania inakuita. Ukitaka kujua kwa nini kona moja haina kitu, na ukaanza kuushuku udongo, tazama upande wa sayansi ya udongo na kemia ya mazingira. Kama uwanja ulikuchosha lakini grafu ilikufanya ukeshe, kuna masomo ya data za mazingira na mifumo ya taarifa za kijiografia. Na ukijikuta unawaza zaidi nani anamiliki eneo lile na nani aliruhusu lichimbwe, sheria na usimamizi wa mazingira ni mahali pako.

Ikiwa hesabu zako ni dhaifu, usikate tamaa wala usijifiche kwenye kozi isiyo nazo. Kinachohitajika mwanzoni ni kidogo na kinafundishika: uwiano, vizio, milinganyo mepesi na logi. Logi hasa, maana pH, kipimo cha asidi, ni logi: maji ya pH 5 yana asidi mara 10 kuliko ya pH 6, na mara 100 kuliko ya pH 7. Miezi mitatu ya mazoezi ya kila siku kabla ya muhula wa kwanza inatosha kwa wengi.

Swali la mwisho la kuipelekea idara linahusu kuhama. Je, mwaka wa kwanza wa shahada hii unafanana na wa shahada jirani? Mwisho wa kuhama bila kurudia mwaka ni tarehe gani, na je, kuna alama ya chini inayotakiwa kwenye kemia? Uliza hayo kwa maandishi, na utunze jibu.